Kahawa ya Mti Mweupe

Nurmes, 3 Machi 2014

Dada yangu Lahja,

Hujambo huko Borås, Sweden? Mimi mzima kuanzia utosini hadi magotini. Magoti siyasemei, hayo yana maisha yao. Theluji bado imefika dirishani, ziwa bado limelala, na nyumba ni kimya kiasi kwamba nikipiga chafya najiombea afya mwenyewe.

Nakuandikia kukupa habari kwamba mdogo wako sasa ni mfanyabiashara wa afya. Usicheke. Soksi za sufu nimeacha, chambo za samaki nimeacha, na zile saa za Kirusi zilizokuwa zinarudi nyuma nilishaacha siku nyingi. Sasa nauza kahawa. Kahawa tupu huwezi kumuuzia mtu wa huku, kila mmoja anayo kwake na anajua ya kwake ndiyo bora. Mimi nauza kahawa iliyotiwa pakuri. Unaijua pakuri, lile jipu jeusi linaloota kwenye miti myeupe, utadhani mtu amebandika mkaa kwenye gome. Kumbe ni uyoga, wasomi wamesema. Naupasua kwa shoka, naukausha, nausaga kwa kinu cha mama, nachanganya na kahawa, natia kwenye pakiti, nafunga na utepe mwekundu.

Watu wa Helsinki wakipita kwenda kuteleza kwenye theluji wanasimama mezani kwangu. Juzi mama mmoja kachukua pakiti nne, halafu akaniuliza kama naweza kumchanganyia na unga wa ngozi ya ng'ombe. Yeye kila asubuhi anatia kijiko kwenye kahawa ili uso usikunjamane. Nikamwambia, mama, ng'ombe mwenyewe ngozi anayo yote na bado kakunjamana. Akacheka, akachukua ya tano. Kuna mwingine anatia siagi. Siagi, Lahja, kwenye kahawa. Na kijana mmoja anasaga vidonge vya madini vya duka la dawa anamwagia humo humo, anasema bila hivyo kichwa hakiwaki. Mimi sibishani na mteja. Nimeongeza mezani unga wa majani yanayowasha na unga wa machipukizi ya misonobari. Wanapenda. Ikiwa chungu zaidi wanaiamini zaidi.

Nimekuwekea pakiti moja. Kunywa asubuhi, kabla hujasema na mtu, halafu uniambie.

Mdogo wako,
Osmo


Borås, 19 Machi 2014

Mdogo wangu Osmo,

Nimefurahi kusikia uko mzima, hata kama ni nusu ya juu tu. Mimi moyo unaruka ruka kidogo, dawa nakunywa, mguu wa kushoto unajaa jioni. Huku theluji imeshaisha, tumebaki na matope na majirani.

Pakiti imefika. Utepe mzuri. Sijaifungua na sidhani kama nitaifungua.

Wewe ulizaliwa vita vimeshakwisha, ndiyo maana una moyo wa kuuza kitu hicho. Mimi nilikuwa na miaka sita. Mama hakuwa anapeleka shoka mtini kwa ajili ya afya. Kahawa haikuwepo nchi nzima. Alichemsha pakuri, akatia na shayiri iliyoungua, akamimina kwenye vikombe vya wageni, vile vya maua ya buluu, na sote tukakaa wima kama watu wanaokunywa kahawa. Hakuna aliyesema siyo kahawa. Baba alimimina kwenye kisosi, akaweka meno pamoja kana kwamba ameshika bonge la sukari, akavuta, akasema leo imekolea. Sukari yenyewe haikuwepo.

Meli ya kwanza ya kahawa ilipofika baada ya vita, mama alipata mgao wake kwenye kimfuko cha karatasi. Alikinusa, akakaa kwenye ngazi ya nje, akalia hadi nikadhani kuna mtu amekufa. Siku hiyo niliapa sitakunywa tena mti. Na sasa wewe unaufunga ufukara wetu kwa utepe mwekundu na watu wa Helsinki wanapanga foleni. Mama angekuchapa na mwiko. Halafu angekuomba utepe.

Gunnar angecheka sana. Tangu alipofariki Novemba na kuniacha mjane naamka saa kumi na moja, napima maji ya vikombe viwili, halafu nakumbuka, namwaga kimoja. Anneli wangu yuko Göteborg, anapiga simu kila Jumapili, mtoto mzuri, lakini ana watu wake.

Hebu niambie kitu. Kile chumba cha juu, cha upande wa ziwa, bado kinashika joto wakati wa baridi? Na ngazi zake bado ni kali vile?

Dada yako,
Lahja


Nurmes, 2 Aprili 2014

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya mwiko. Pole na mguu. Uweke juu ya kiti, uutazame kwa dharau.

Umeuliza chumba cha juu. Kina joto kweli kweli! Ndiyo maana nimekijaza pakuri. Kinakausha kuliko jiko la mkate. Kitanda chako nimekilaza ubavu, kinabeba trei kumi na mbili bila kulalamika. Ngazi ndiyo, ni kali, juzi nimezishuka kwa makalio zote kumi na tatu.

Sasa sikia. Alikuja bibi mkaguzi wa vyakula. Mimi nilikuwa nimeandika ubao: KAHAWA YA PAKURI, INATIBU TUMBO, MAPAFU NA HUZUNI. Akasoma, akavua miwani, akaniambia kwa upole kwamba sina ruhusa ya kusema inatibu kitu. Nikamuuliza, hata huzuni? Akasema hasa huzuni. Basi nikafuta, nikaandika upya: HAITIBU CHOCHOTE. JIRANI YANGU ANAINYWA, MWULIZENI MWENYEWE. Lahja, mauzo yameongezeka maradufu. Jirani amechoka kuulizwa, amehamia kuvua samaki ng'ambo ya ziwa.

Tatizo langu ni moja. Pakuri ya porini inaisha, na huwezi kukata kwenye mti wa mtu bila ruhusa yake, siyo kama kuchuma matunda ya msituni ambayo kila mtu anachuma. Lakini siku hizi inapandwa. Unatoboa mti mweupe kwa keekee, unapigilia vijiti vyenye mbegu za uyoga, unaziba kwa nta, unasubiri miaka. Nimeitazama ile miti yetu ya ufukweni, inafaa sana. Imesimama tu pale haina kazi. Ila ardhi bado ni ya baba, Mungu amrehemu, yaani ni yako na yangu pamoja, na mimi bila neno lako siwezi.

Kwa hiyo nakuomba ruhusa. Na kama huna muda wa kuandika usijisumbue. Tufanye kama kwa baba. Unakumbuka, alikuwa anatangaza jambo wakati wa supu, halafu anasubiri sahani ziishe, asiyesema kitu amekubali. Ng'ombe wetu mwekundu aliuzwa hivyo. Na wewe uliposema unakwenda Sweden, ilikuwa hivyo hivyo, supu ya samaki, hakuna aliyesema kitu.

Mdogo wako,
Osmo


Nurmes, 26 Mei 2014

Dada yangu Lahja,

Natumaini hujambo. Hapa majani yametoka kwa wiki moja, kama kawaida ya huku, jana hakuna na leo yote. Mbu nao wametoka, wananisalimia kwa jina.

Nimesubiri wiki saba na nusu. Kila siku nafika kwenye sanduku la posta, nakuta matangazo ya matairi. Nikasema basi, Lahja amemaliza supu yake. Nimetoboa. Miti arobaini na tatu, mashimo matatu kila mmoja, siku nne nzima. Mkono wa kulia hadi sasa unatetemeka, nikimimina kahawa nusu inakunywa na meza. Nta nimeipaka vizuri, ukiwa mbali huoni kitu.

Nilipofika ule mti wa mwisho, karibu na sauna, ule ambao mama alikuwa anavunja vitawi vyake vya kujipigia kwenye mvuke, nilisimama kidogo. Sijui kwa nini. Halafu nikautoboa nao.

Mbona kimya lakini? Kimya cha ruhusa nakijua, ni kifupi. Hiki kimezidi. Simu unajua siwezi, hili sikio lililoharibiwa na msumeno wa injini linasikia mvumo wa maji tu. Niandikie hata mstari. Niandikie matusi.

Mdogo wako,
Osmo


Borås, 12 Juni 2014

Osmo,

Niko hai. Nimelala hospitali wiki nane. Moyo ulisimama kufikiri, wakanifungua kifua, wakaurudisha kazini. Barua yako ya Aprili ilikuwa kwenye sanduku langu la posta wakati wote huo, chini ya magazeti. Anneli hakukuandikia kwa sababu Kifini chake kinaanzia kwenye asante na kinaishia kwenye skonzi. Na mimi nilimkataza kukutisha.

Nimezisoma zote mbili siku moja, nimekaa kwenye kiti cha choo kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Kwa hiyo umeipa miti ugonjwa. Usinieleze mambo ya nta, mimi nimekulia humo humo, najua pakuri inafanya nini. Inakula mti kutoka ndani, taratibu, na mti unaendelea kutoa majani kila mwaka kama vile hakuna kitu. Ile miti ndiyo niliyokuwa naiona dirishani kabla sijafumbua jicho la pili. Kule wodini niliihesabu usiku kucha nipate usingizi. Wewe unasema imesimama tu haina kazi.

Lakini siyo miti iliyoniuma zaidi. Nilikuuliza chumba cha juu kina joto. Ulidhani nafanya utafiti wa hali ya hewa? Mwanamke wa miaka sabini na sita, mume wake kafa, anauliza ngazi ni kali kiasi gani, na wewe unamjibu kwamba kitanda chake kinabeba trei kumi na mbili.

Sasa nakuambia kitu kuhusu ile supu. Umeandika kama kichekesho. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilisema nakwenda Sweden, kiwanda cha nguo kinachukua watu. Halafu nikala polepole. Nilikula ile supu mpaka ikapoa. Nilimtazama baba, nikamtazama mama, nikakutazama hata wewe na miaka yako kumi na moja. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja aseme usiende. Hakuna. Baba akalamba kijiko, akaenda kulala.

Miaka hamsini na nne umeniandikia. Umenieleza soksi, saa, chambo, pikipiki uliyoizamisha ziwani, wake wawili waliokukimbia. Zote ninazo, ziko kwenye sanduku la viatu. Nimezipitia wiki hii moja moja. Umeomba ruhusa ya kutoboa miti. Hujawahi hata mara moja kuandika Lahja, rudi nyumbani.

Lahja


Nurmes, 20 Julai 2014

Dada yangu,

Pole. Pole kwa kifua, pole kwa moyo, pole kwa kila kitu. Mimi mzima, jambo ambalo siku hizi naliona kama dharau.

Barua hii nimeianza mara sita. Tano zimewasha jiko.

Kwanza miti. Siku ile ile barua yako ilipofika nilikwenda ufukweni na kizibuo cha mvinyo, kile cha mke wangu wa pili, kitu pekee alichosahau. Nimezibua vijiti kimoja kimoja. Jirani alipita na mashua, akauliza nafanya nini. Nikamwambia nafungua miti, tuna sherehe. Akapiga kasia haraka haraka. Miti kumi na moja nimeiwahi. Iliyobaki uyoga umeshaingia ndani. Nilimleta mtu wa misitu, akagonga gonga, akasema itasimama miaka ishirini bado. Nikamwambia basi itanizika. Hakucheka. Ule wa sauna umo kwenye iliyopona.

Pili, chumba. Nimeshusha trei zote. Nimepiga deki mara tatu, maji yalikuwa meusi kama kahawa yenyewe. Kitanda kimerudi kwa miguu yake. Ngazini nimeweka mbao za kushikilia pande zote mbili, na nimejaribu kuzishuka usingizini, zinashukika vizuri.

Tatu ndiyo ngumu.

Siku uliyoondoka mimi ndiye niliyekusukumia sanduku kwenye kile kigari cha kuteleza kwenye theluji hadi barabara kuu. Ulinipa pipi, ile nyeusi yenye chumvi, ukapanda basi. Niliporudi nilimkuta mama anaosha kikombe chako. Kikombe kimoja, anakiosha na kukiosha. Nikamwambia nitamwandikia Lahja arudi. Akageuka, akanishika shati hapa kifuani na mikono yake ya maji. Akasema, "Usithubutu. Ukimwandikia atarudi. Na kule atavaa viatu vya ngozi."

Basi. Sikuthubutu. Kwanza kwa sababu ya mama, halafu mama alipokufa kwa sababu nilikuwa nimeshazoea, halafu ulikuwa na Gunnar na mtoto na baraza lenye maua, mimi ni nani. Nikawa nakuandikia vichekesho. Nilijua ukicheka utajibu, na ukijibu nitakuwa na barua ya kusubiri. Ndiyo ilikuwa biashara yangu ya kweli, hizo nyingine ni za kupitisha siku. Kila nikiona kitu cha ajabu sokoni, kabla sijacheka, nawaza jinsi nitakavyokuandikia.

Kwa maneno nimeuza kila kitu, hata saa zinazorudi nyuma. Hili moja sijawahi kulijaribu.

Rudi nyumbani, Lahja.

Asubuhi hii nimechemsha kahawa tupu, haina mti ndani, nikakaa upande wangu wa meza. Upande wako nimeufuta. Sijui niseme nini kingine, nimesoma miaka sita na mmoja kati yake nilirudia.

Mdogo wako,
Osmo


Borås, 4 Agosti 2014

Mdogo wangu Osmo,

Nimeipokea barua yako Alhamisi. Niliisoma nimesimama pale pale kwenye masanduku ya posta, hata mlango wa jengo sijafika, na jirani yangu Mswidi akaniuliza kama nahitaji maji. Natembea vizuri sasa, hadi duka la mkate na kurudi. Kovu linawasha mvua ikikaribia.

Kwa hiyo ni mama. Mikono yake ya maji. Hili nitahitaji muda nalo.

Nimefungua pakiti yako. Usifurahi, sikuinywa. Daktari amenikataza, eti haielewani na ile dawa yangu ya kulainisha damu. Na wewe waambie wateja wako, Osmo, wenye dawa kama yangu waulize kwanza kwa daktari wao, liandike kwenye ubao wako chini ya jirani. Lakini niliichemsha. Niliichemsha kwenye sufuria kama mama, bila kahawa yoyote, nikamimina kwenye kikombe, nikakaa nayo mezani hadi ikapoa. Harufu ile. Nilidhani itanitia hasira. Nilimwona mama amekaa wima, nywele zimefungwa kitambaa, anatutazama mmoja mmoja kama tumeridhika. Nimegundua nimefika umri wa kumzidi. Nilitamani nimwambie kwamba ilikolea kweli.

Sasa jibu lako. Miaka hamsini na nne nilidhani siku nitakayoulizwa nitaanza kufunga mizigo kabla sijamaliza mstari. Nimeumaliza. Nimeusoma tena na tena. Jibu ni hapana, mdogo wangu. Moyo huu una daktari wake hapa, na hospitali ya huko ni saa ngapi kwa gari? Jiwe la Gunnar lina jina langu tayari, limebaki kuandikwa mwaka tu. Anneli hawezi kuja huko kila mara. Na theluji, Osmo, mimi siiwezi tena ile theluji.

Usihuzunike. Umeniuliza. Usiku ule nililala hadi saa mbili asubuhi, sijalala hivyo tangu Novemba.

Wewe kula vizuri, na magoti yapake mafuta.

Dada yako,
Lahja


Nurmes, 11 Agosti 2014

Dada yangu Lahja,

Barua yako imefika leo, na mtu wa posta alinikuta sokoni, kwa hiyo nimeisoma mezani mbele ya wateja, kwa miwani ya mtu. Kovu lipake mafuta hayo hayo unayoniambia nipake magoti, tutakuwa tunanuka pamoja. Ubao nimeuandika upya kama ulivyosema, jirani amebaki.

Pale mezani alikuwepo bibi Impi wa kule ng'ambo ya daraja, yule anayekuja kila Jumatatu kuonja na hajawahi kununua. Akaniona uso, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, nimemwita dada yangu arudi nyumbani kutoka Sweden, amekataa.

"Amekataa mara ngapi?" akauliza.

Nikamwambia mara moja.

"Mara moja tu? Basi amelelewa vizuri huyo," akasema, akachukua kikombe cha kuonja, akaondoka nacho.

Nimekaa hapa, biashara nimefunga mapema, nakuandikia juu ya boksi la pakiti. Kwetu nani amewahi kusogea mezani alipoitwa mara ya kwanza? Unawakumbuka wageni wa mama. Kahawa imeshamiminwa, skonzi za iliki zinatoa moshi, na wao wameganda ukutani na kofia mikononi, wanasema asante, tumeshakunywa kwetu, hatukai, tunapita tu. Mchungaji mwenyewe macho yako kwenye skonzi na mdomo unasema hapana. Mama hakuwahi kukasirika. Hakuwahi kuondoa kikombe pia. Alikuwa anapangusa mikono kwenye aproni, anatoka jikoni, anawaita tena.

Huu ni wito wa pili, Lahja. Rudi nyumbani.

Mdogo wako,
Osmo